Kuondoa klorini katika maji ya bomba kabla ya kuyatia katika tangi la samaki: mwongozo kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Maji ya bomba ya Arusha na Moshi hutoka kwa sehemu kubwa katika chemchemi, visima virefu na mito ya miteremko ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, na kabla ya kusambazwa mitaani hutiwa dawa, ambayo kwa kawaida ni klorini, ili yasibebe vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Kiasi kidogo cha dawa hiyo huachwa makusudi kisafiri pamoja na maji hadi nyumbani, kwa sababu bomba lililopasuka au kiungo kinachovuja njiani kinaweza kuingiza uchafu baada ya maji kutoka kwenye mtambo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza masalia ya klorini yasipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, na kiwango cha juu linachokiruhusu katika maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita.

Linganisha takwimu hizo na zile za samaki. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, EPA, katika vigezo vyake vya mwaka 1984 vya kuwalinda viumbe wanaoishi katika maji yasiyo na chumvi, liliweka ukomo wa miligramu 0.019 za klorini kwa lita kwa muda mfupi, na miligramu 0.011 kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba hata maji yenye kiwango cha chini kabisa kinachopendekezwa kwa binadamu yana klorini takriban mara kumi ya ukomo uliowekwa kwa viumbe wa majini kwa muda mfupi. Hapa hakuna kosa la mamlaka ya maji, kwani bila dawa hiyo wanaougua ni watoto wa mtaa mzima. Kazi ya kuiondoa ni ya mfugaji, na inapaswa kufanywa kila mara maji mapya yanapoingia tangini, hata kama mara iliyopita yaliingia bila kutibiwa na samaki hawakuonyesha dalili yoyote.

Klorini inavyodhuru

Klorini huua vimelea kwa kuziunguza seli zao, na matamvua ya samaki, yaani zile nyuzi nyekundu zilizo ndani ya mashavu yake, yamefunikwa na utando mwembamba mno ambao huungua kwa namna hiyohiyo. Utando ukichubuka, samaki hutoa ute mwingi wa kujikinga, na ute huo pamoja na uvimbe wa seli huzuia oksijeni kupita kuingia katika damu. Ndiyo maana samaki aliyedhurika na klorini hupanda juu na kuhema kwenye uso wa maji ingawa pampu ya hewa inafanya kazi na oksijeni imo ya kutosha.

Kloramini ni klorini iliyoungana na amonia. Miji mingi ya Marekani huitengeneza makusudi kwa kuwa hudumu muda mrefu zaidi katika mabomba, na hiyo ndiyo sababu maelezo mengi ya wafugaji wa huko huitaja kila mara. Kwetu ni vema kuifahamu kwa sababu nyingine: klorini ya kawaida ikitiwa katika maji ambayo tayari yana amonia, mathalani yaliyopitiwa na samadi au majitaka, kloramini hujitokeza yenyewe. Hii hupenya matamvua hadi ndani ya damu na kuibadilisha hemoglobini isiweze tena kubeba oksijeni. Zaidi ya hapo, haitoki katika maji kwa urahisi kama klorini inavyotoka.

Wengi husahau kwamba dawa iliyotengenezwa kuua bakteria haitofautishi bakteria wa kuhara na wale wanaoishi katika chujio la tangi, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao wakifa, amonia huanza kupanda polepole, na samaki walionusurika siku ya kubadilishiwa maji huweza kufa baada ya siku kadhaa, wakati mfugaji ameshaondoa bomba katika orodha ya washukiwa wake. Kwa wakazi wa Arusha jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maji ya ardhini katika miteremko ya Meru yamepita katika miamba ya volkano na mengi yana magadi na pH (kipimo cha uasidi au umagadi wa maji) ya juu. Katika nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali ya sumu. pH ikifika 8 sehemu hiyo huwa takriban asilimia 5, na ikifika 8.5 hukaribia asilimia 15. Ni kweli kwamba klorini yenyewe hupungua makali kidogo kadiri pH inavyopanda, lakini unafuu huo ni mdogo kiasi kwamba haupaswi kuingizwa katika hesabu yoyote.

Kuyajua maji yako

Anza kwa kuuliza. Ofisi za mamlaka za maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, hupokea maswali ya wateja, na maswali ya kuuliza ni machache: maji ya mtaa wangu yanatoka chanzo gani, yanatibiwa kwa dawa gani, na masalia ya klorini katika mtaa huu huwa kiasi gani. Jibu litakupa picha ya siku za kawaida. Siku zisizo za kawaida ndizo zinazoua samaki, nazo hutabirika kwa sehemu. Mvua kubwa za masika zinapochafua vyanzo, mitambo hulazimika kuongeza dawa. Vivyo hivyo panapokuwa na tishio la kipindupindu, au bomba kuu linapofanyiwa matengenezo na kusafishwa kwa klorini kali kabla ya kurudishwa kazini. Baada ya mgao mrefu, maji yanaporudi kwa kishindo yakiwa meupe kwa viputo vya hewa au mekundu kwa udongo, yaache yapite kwanza, umwagilie bustani, na usiyachukue kwa ajili ya tangi siku hiyo.

Pua haifai kuwa kipimo, kwani harufu ya klorini huanza kusikika katika kiwango kilicho juu kabisa ya kile kinachomdhuru samaki. Nunua vipimo vya maji ya bwawa la kuogelea, ambavyo hupatikana katika maduka yanayouza dawa za mabwawa; wahudumu wa mabwawa ya hoteli wanajua wapi pa kuvipata. Vile vinavyotumia kemikali iitwayo DPD hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Chagua vyenye sehemu mbili, moja ya klorini huru, yaani isiyoungana na amonia, na nyingine ya klorini yote, kwa sababu tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kadirio la kloramini. Vipimo vya bwawa si vyepesi kiasi cha kuonyesha miligramu 0.02, kwa hiyo jibu la "hakuna rangi" lichukuliwe kuwa dalili njema tu, na wala lisikufanye uache kutia dawa ya kuondoa klorini.

Kisha kuna simtanki. Maji yaliyokaa siku mbili katika simtanki la juu ya paa mara nyingi hupoteza sehemu ya klorini yake, na wafugaji wengi wamezoea kuyategemea kwa sababu hiyo. Mazoea hayo ni salama iwapo tu unajua nani mwingine analigusa tangi hilo. Katika nyumba ya kupanga, mwenye nyumba au msimamizi anaweza kulisafisha kwa jiki bila kuwaarifu wapangaji, akiamini, na kwa haki, kwamba anawatendea wema. Mwombe akuambie siku atakayolisafisha. Maji yaliyotiwa WaterGuard au dawa nyingine ya kutibu maji ya kunywa nyumbani huwa na klorini nyingi kuliko maji ya bomba ya kawaida: kiasi kinachopendekezwa ni takriban miligramu 2 kwa lita kwa maji maangavu, na karibu maradufu kwa maji yenye tope. Ndoo ya kunywa isiwe kamwe ndoo ya samaki.

Njia za kuiondoa

Njia inayojulikana na kila mtu ni kulaza maji. Klorini huru hutoka katika maji na kupotea hewani, na mwanga wa jua huivunja haraka zaidi, hivyo ndoo yenye mdomo mpana iliyoachwa wazi kwa saa 24 hadi 48 huwa imepoteza sehemu kubwa ya dawa yake. Jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa viputo, likitiwa ndani, kazi huenda haraka zaidi. Funika mdomo wa ndoo kwa chandarua ili mbu wasitage. Njia hii haigharimu chochote, nami sina sababu ya kuibeza, ila ina mipaka inayopuuzwa sana. Dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba na kifuniko kilichokazwa hulaza maji pamoja na klorini yake. Kloramini haiondoki kwa kulazwa usiku mmoja au mbili. Tena muda unaotosha kwa maji ya kawaida unaweza usitoshe kwa maji ya wiki ambayo mtambo umeongeza dawa, na mfugaji asiyepima hana namna ya kujua.

Kwa hiyo napendekeza kulaza maji kuwe hatua ya kwanza tu, ifuatwe na dawa. Dawa ya bei nafuu na ya uhakika ni thiosulfeti ya sodiamu, ambayo ni chengachenga nyeupe zinazoyeyuka haraka katika maji. Wapiga picha wa zama za filamu waliitumia katika vyumba vya giza, na leo huuzwa na wauzaji wa kemikali za maabara. Pima gramu 10 kwa mizani ndogo kama ya sonara, uziyeyushe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uyatie katika chupa ya rangi nyeusi au kahawia, uandike jina na tarehe juu yake na kuiweka mbali na watoto. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za dawa. Katika hali ya kawaida ya tangi, miligramu 1 ya klorini huhitaji takriban miligramu 7 za thiosulfeti ili imalizike kabisa. Hivyo mililita 1 kwa kila lita ya maji hutosha kuondoa klorini ya hadi miligramu 1.4 kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 20, ambazo utazivuta kwa sirinji ya duka la dawa ambayo haijawahi kutumika. Iwapo una shaka kwamba maji yametiwa dawa nyingi, ongeza hadi mililita 30, kiasi kinachoweza kuondoa miligramu 2 kwa lita. Samaki huivumilia vizuri dawa hii hata ikizidi kidogo, na kwa sababu hiyo ni heri ukosee kwa kuzidisha kidogo kuliko kwa kupunguza. Koroga, subiri dakika chache, kisha pima tena kwa DPD ukiwa na vipimo. Mchanganyiko ukianza kuwa na ukungu au chengachenga za manjano, umwage na utengeneze mwingine.

Dawa za chupa zinazouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo nyingi zina thiosulfeti hiyohiyo pamoja na viungo vingine, na tofauti kubwa ya kuangalia katika lebo ni kama zinaishika pia amonia. Thiosulfeti peke yake ikikutana na kloramini huondoa klorini na kuiacha amonia ikiwa huru ndani ya maji. Katika tangi lenye chujio lililokomaa na maji yanayobadilishwa kwa kiasi kidogo, bakteria wataimaliza, lakini katika tangi jipya, na hasa katika maji ya magadi, amonia hiyo yenyewe ni hatari. Vipimo vyako vikionyesha tofauti kati ya klorini huru na klorini yote, nunua dawa inayotamka wazi kwamba inashughulikia kloramini na amonia.

Vitamini C nayo huondoa klorini, takriban miligramu 2.5 kwa kila miligramu 1, mradi iwe unga safi wa asidi askobiki. Vidonge vya kutafuna vyenye sukari, rangi na ladha ya chungwa visitumike. Kuchemsha maji kwa dakika 15 hadi 20 huondoa klorini huru, lakini hufukuza pia oksijeni, kwa hiyo maji hayo yapoe na kupulizwa hewa kwanza. Kwa tangi kubwa ni kupoteza gesi bure. Mkaa ulioamilishwa wa kichujio hufanya kazi nzuri kwa klorini na polepole kwa kloramini. Mkaa wa jikoni haujaandaliwa kwa namna hiyo na hautachukua nafasi yake.

Siku ya kubadilisha maji

Maji yatibiwe ndani ya ndoo kabla hayajaingia tangini. Anayelazimika kujaza tangi moja kwa moja kwa mpira wa maji atie dawa kwanza, tena kwa hesabu ya ujazo wa tangi zima na si wa maji yanayoongezwa tu, kwa sababu klorini itasambaa kote kabla ya kukutana na dawa. Badilisha robo ya maji, au pungufu, kwa wakati mmoja. Kwa tangi la lita 60 hiyo ni lita 15. Kiasi hicho kina faida nyingine, kwani ukisahau dawa, klorini huchanganyika na maji ya zamani na kushuka hadi robo ya ukali wake, jambo ambalo halimwokoi kila samaki lakini huwapa wengi nafasi.

Joto la maji lisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 2. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti maji ya simtanki asubuhi huwa ya baridi kali kwa gapi, moli na samaki wengine wa nchi za joto. Subiri hadi alasiri au uyaache katika ndoo ndani ya nyumba usiku kucha. Mwinuko huo una athari nyingine isiyoonekana kwa macho: kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, maji ya Arusha hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko maji ya Dar es Salaam yenye joto lilelile, na samaki ambaye matamvua yake yameungua kidogo hana akiba ya kutosha. Moshi iko chini zaidi, ila joto lake la Januari na Februari nalo hupunguza oksijeni. Pampu ya hewa isizimwe wakati wa kubadilisha maji.

Sponji ya chujio ioshwe kwa kukamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, na kamwe isiwekwe chini ya bomba.

Ninaulizwa mara nyingi kuhusu floraidi, ambayo kila mkazi wa mikoa hii anaifahamu kwa rangi ya kahawia kwenye meno. Floraidi si dawa ya kutibu maji. Hutoka katika miamba, haiondoki kwa kulaza, kuchemsha wala thiosulfeti, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua huku yenyewe ikibaki. Kama maji yako ni ya magadi na floraidi nyingi, njia nyepesi ni kuchagua samaki wanaopenda maji ya pH ya juu, kama vile wale wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, au kuyachanganya na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Ukichanganya, fanya hivyo kwa uwiano uleule kila wiki ili pH isiyumbeyumbe.

Samaki wakianza kuhema

Samaki wote wakibadilika kwa pamoja, dakika au saa chache baada ya maji mapya kuingia, yaani wakahema juu, wakakimbia ovyo, wakabana mapezi au wakatoa ute mweupe mwilini, chukulia kwamba ni klorini na usisubiri kupima. Tia dawa kwa hesabu ya ujazo wa tangi zima, fungua hewa hadi mwisho, punguza mwanga, na usiwalishe hadi kesho yake. Kuongeza maji mengine ya bomba ili "kupunguza makali" ni kuzidisha tatizo. Ikiwa una ndoo ya maji yaliyokwisha kutibiwa yenye joto linalolingana, wahamishie humo walio taabani zaidi. Katika siku saba zinazofuata pima amonia na nitriti kila siku, kwa sababu chujio huenda limeathirika. Zikipanda, punguza chakula na ubadilishe maji kidogokidogo kwa maji yaliyotibiwa. Dalili zikija taratibu kwa siku kadhaa, na hasa matamvua yakigeuka rangi ya kahawia, mshukiwa wa kwanza ni nitriti.

Kobe wa majini huvuta hewa kwa mapafu, kwa hiyo klorini ya bomba haimuui kama inavyomuua samaki, lakini huweza kumwasha macho na ngozi na kuharibu bakteria wa chujio lake, ambalo kwa uchafu wa kobe lina kazi kubwa kuliko la samaki. Mtibie maji vilevile. Chura hupitisha maji na hewa katika ngozi yake, na viluwiluwi wana matamvua, hivyo wote wahesabiwe pamoja na samaki. Konokono na kamba wadogo wa tangini wana udhaifu wa ziada kwa madini ya shaba, na baadhi ya dawa za kuua mwani zinazouzwa kwa mabwawa ya kuogelea na matangi ya maji zina shaba ambayo thiosulfeti haiondoi; ukijua kwamba dawa ya namna hiyo imetiwa katika simtanki lenu, wachotee maji yao moja kwa moja kwenye bomba la barabarani, uyatibu klorini kama ilivyoelezwa hapo juu.